Yaliyonikuta Laugavegur, kilomita 55 za milima ya Aisilandi mwezi Julai

Mwana wa Rungwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna mdau aliandika kwenye uzi wa Kili Marathon kwamba mbio za milimani ni matembezi ya watu walioshindwa barabarani. Siku ile sikumjibu. Namjibu leo, na kwa urefu, hivyo mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, kazi yangu ni jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi la kuzalishia umeme. Kule Aisilandi kuna mafunzo ya jotoardhi yaliyoanza mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, siku hizi yako chini ya UNESCO. Wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamepitia hapo, hasa Wakenya. Nilikwenda kwa miezi sita, nikabaki kusoma shahada ya uzamili.

Sasa sikilizeni. Ukiwa mweusi, mwembamba, na ukasema unatoka Afrika Mashariki, kule hakuna anayekuuliza kama unakimbia. Wanakuuliza unakimbia kwa muda gani. Mimi maisha yangu yote nilikuwa golikipa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakanusha, wa pili nikachoka kukanusha, wa tatu nikanunua raba.

Mbio zenyewe zinaitwa Laugavegur. Zilianza 1997, zinakwenda kutoka Landmannalaugar hadi Þórsmörk, kilomita 55, kwenye njia ambayo watalii wa kawaida huitembea kwa siku nne. Hakuna lami hata hatua moja. Bila alama za ITRA, shirika la kimataifa la mbio za milimani na porini, hawakusajili, kwa hiyo mwaka mmoja kabla nilikimbia kwanza kilomita 26 za Hengill, mbio nyingine za hukohuko. Ada usiniulize, kwa pesa ile ningerudi nyumbani na mbuzi watano.

Mazoezi nilifanyia mlima Esja, uko jirani na Reykjavík, mita 914. Wengi hawafiki kileleni. Kuna jiwe wanaliita Steinn, kwenye mita 600 hivi. Wanapanda, wanaligusa, wanashuka. Jioni moja nilikuta mzee mwenye mvi analigusa mara ya nne. Nikamuuliza anajiandaa na nini. Akaniambia hajiandai na kitu, mkewe ana wageni.

Kosa langu lilianzia kwenye fomu. Waliuliza unatarajia kumaliza kwa muda gani, maana wanawaachia watu kwa makundi, wenye kasi kwanza. Nikaandika saa sita. Kwa nini sita? Aibu tu, wakuu. Ningeandikaje saa nane mbele ya watu wanaoniangalia miguu kama farasi wa mnadani?

Naendelea baada ya chakula.

Kigoda Mbele

Nimeshaweka kigoda. Usituache njiani kama yule wa uzi wa Zambia.

Sumu ya Panya

Golikipa anakimbia kilomita 55. Haya, tuendelee.

Mwana wa Rungwe

Nimerudi.

Kwanza mjue habari ya mwanga, maana ndiyo iliyonimaliza kabla ya milima. Katikati ya Julai Reykjavík jua linazama saa tano na ushee usiku, linachomoza saa tisa na nusu. Hapo katikati giza haliingii. Kunakuwa na weupe fulani wa maziwa, kama magharibi iliyosahau kuondoka. Saa zetu za Kiswahili kule zinavurugika kabisa. Sisi jua likitoka tunasema saa kumi na mbili. Sasa limetoka saa tisa usiku, utaliambia nini? Nilibandika mifuko myeusi ya taka dirishani na bado nililala kwa saa mbili tu. Basi la wakimbiaji linaondoka saa kumi na nusu alfajiri, alfajiri ya jina tu kwa sababu jua limeshakuzidi zamani.

Safari inachukua karibu saa nne, sehemu ya mwisho ni barabara ya changarawe inayokatiza jangwa la majivu. Ndani ya basi kimya. Watu wanatafuna mkate, wanajipaka mafuta ya mgando miguuni, wanafunga na kufungua kamba za viatu. Aliyekaa jirani yangu alinitazama miguu, akaniuliza: "Leo unatafuta rekodi?" Rekodi ninayoijua mimi: mwaka 2015 Þorbergur Ingi Jónsson, mwenyeji, alikuwa wa kwanza kushuka chini ya saa nne, 3:59:13. Mwaka 2021 Andrea Kolbeinsdóttir akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa tano. Nikamjibu leo natafuta choo.

Landmannalaugar ni mahali pa kushangaza. Milima ina rangi ya njano, ya waridi, ya kijani, ya kijivu, mistari kwa mistari kama kanga zilizoanikwa. Chini kuna kijito cha maji moto, watalii wamejilaza humo na kofia za sufi kichwani wanatuangalia. Hewa inanuka mayai viza. Wenzangu walikuwa wanaziba pua, mimi nikajisikia niko kazini.

Tukaachiwa. Kilomita kumi za kwanza zinapanda kutoka mita 600 hadi zaidi ya 1,000, kwenye kibanda cha Hrafntinnusker. Unaanza na uwanja wa miamba ya volkano, makali kama chupa zilizovunjika, kisha unazunguka ubavu wa mlima Brennisteinsalda, kisha ngazi juu ya ngazi. Mimi nilikimbia. Yote. Waliokuwa kwenye kundi la kasi, watu wenye mapaja kama magogo, walikuwa wanatembea kwenye vilima, mikono magotini, na mimi nawapita nikisema samahani, samahani. Nikajiambia kumbe hawa hawajui.

Kilomita ya saba, mapigo ya moyo yako masikioni, miguu imekuwa ya uji. Na wale niliowapita wanarudi mmoja mmoja. Hawakuongeza kasi. Wanatembea vilevile. Nyuma yao akaja mama mmoja, kwa kumkadiria ni rika la mama yangu, nywele nyeupe zimesukwa nyuma. Alipofika usawa wangu hakunicheka. Akasema "rólega, rólega", akaendelea zake. Neno hilo nililijua kutoka chuoni. Maana yake taratibu.

Mgumu wa Marangu

Subiri kwanza. Mimi nafanya kazi Kilimanjaro mwaka wa kumi na nne huu, nilianza na kubeba mizigo, sasa naongoza wageni. Kuanzia getini mpaka Uhuru neno langu ni moja: polepole. Wazungu wanalinunua kwenye fulana. Leo Mtanzania anakwenda Ulaya kuambiwa polepole na bibi wa Kizungu, kwa Kizungu chao! Mkuu, rudisha pasipoti.

Kigoda Mbele

Simbu anatuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo 2025, wewe unapitwa na bibi. 😂

Mwana wa Rungwe

Nimestahili, pigeni tu. Ila Mgumu, wewe umenielewa kuliko wote. Kutembea mlimani ni ufundi: hatua fupi, kisigino chini, mgongo haujikunji, pumzi inakwenda na mguu. Yule mama alikuwa nao, mimi sikuwa nao. Nilikuwa na umbo tu.

Hrafntinnusker nilifika kwa saa 1 na dakika 35, bado natetemeka. Na pale juu kulikuwa na theluji.

Sumu ya Panya

Theluji Julai? Chai hii, na imetiwa tangawizi.

Mwana wa Rungwe

Sumu, uko mita elfu moja juu ya bahari na mzingo wa Aktiki hauko mbali. Theluji ya msimu wa baridi pale haiishi, inapungua tu. Kiangazi chao mjini nyuzi 12 au 13, watu wanatoka na kaptula wanalamba barafu. Juu mlimani siku ile ukungu ulishuka mpaka nikawa naona fimbo moja ya alama, halafu natafuta ya pili. Theluji imelainika, kila hatua mguu unazama kifundoni na kuteleza nyuma kidogo. Imepauka kwa majivu, na pembeni mwa njia kuna obsidiani, yaani jiwe lile jeusi linalong'aa kama kioo. Jina la mahali limetokana nalo: hrafn ni kunguru wao mkubwa mweusi, tinna ni gumegume.

Karibu na kibanda kile kuna rundo la mawe la kumbukumbu. Mwezi Juni 2004 kijana mtalii wa miaka 25 alikutwa na dhoruba hapo, akafa kwa baridi wakati kibanda kiko kama kilomita moja mbele yake. Juni, wakuu, siyo Desemba. Mimi nilikuwa na koti jepesi la mvua nililolibeba kwa sababu ya sheria, nikilinung'unikia uzito. Nilipoliona lile rundo nililivaa bila kuambiwa na mtu.

Baada ya hapo kuna kilomita kadhaa ambazo kwenye ramani zinaonekana tambarare. Ni uongo. Ni makorongo, moja baada ya jingine, unashuka mita ishirini unapanda ishirini, ndani kuna theluji iliyotobolewa na mvuke. Hapo sasa nilitembea kila mpando, na ajabu yake ni kwamba hakuna aliyenipita.

Kisha ardhi inaisha. Unafika ukingoni, panaitwa Jökultungur, na chini yako dunia nyingine: kijani kibichi, ziwa la Álftavatn, vilele vyeusi vyenye ncha, nyuma kabisa barafu ya Mýrdalsjökull na Eyjafjallajökull. Mteremko ni wa magoti. Changarawe inaviringika chini ya soli, mapaja yanaungua kwa kujizuia. Kucha mbili nilizipoteza pale, ingawa zenyewe zilisubiri wiki mbili ndipo zikaondoka. Álftavatn kuna kikomo: usipofika ndani ya saa nne unarudishwa na gari. Nilifika kwa saa 3 na dakika 5. Nikala ndizi tatu bila kumenya vizuri.

Nyuki wa Naivasha

Ndugu yangu, hebu simama hapo kwa Eyjafjallajökull. Huo mlima mimi naujua bila kuuona. Aprili 2010 nilikuwa kwa shamba la maua huku Naivasha, kwa banda la kupakia. Tukaambiwa ndege haziendi Ulaya, kuna majivu angani. Mimi nikafikiri ni majivu ya moto wa msitu. Siku ya kwanza tukajaza chumba cha baridi. Siku ya pili tukajaza lori. Siku ya tatu waridi tulilolikata kwa uangalifu vile, tukalimwaga kwa shimo la mboji kama takataka. Vibarua wa siku walirudishwa nyumbani getini. Jina lake hatukuweza kulitaja, tulikuwa tunauita tu "ule mlima".

Mwana wa Rungwe

Dah, Nyuki. Ningejua ningeupigia kelele kwa niaba yenu. Nilivyouona siku ile umetulia, mweupe, kama kondoo amelala.

Sasa tufike kwenye mito. Madaraja yapo machache, mito mingine unaiingia na viatu vyako. Mkubwa unaitwa Bláfjallakvísl. Maji yanatoka kwenye barafu moja kwa moja, yanafika mapajani, na mkondo unasukuma kama mtu mwenye hasira zake. Wamefunga kamba ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, na watu wa uokoaji wamesimama ndani ya maji na mavazi ya mpira, saa kwa saa, wakikushika mkono.

Sumu ya Panya

Hiyo ya kamba nayo ni kamba.

Mwana wa Rungwe

😂 Hii kamba ya kweli, mkuu, viganja vilichunika. Na wale waokoaji hawalipwi. Aisilandi haina jeshi. Kazi ya kutafuta waliopotea na kuvuta magari mitoni inafanywa na vikosi vya raia wa kujitolea, mwalimu, fundi bomba, muuza duka. Pesa zao kubwa wanapata kwa kuuza fataki za mwaka mpya. Mwanzoni nilikuwa nalalamika nchi nzima inavyolipua hela usiku wa tarehe 31. Mmoja wao aliponivuta kwa mkanda wa begi nilipoteleza katikati ya mkondo, nikaapa mwaka ule nitanunua fataki. Nilinunua.

Ng'ambo ya mto unakuta mfuko uliotanguliza asubuhi. Nilibadili soksi na viatu. Ushauri kwa atakayekwenda: soksi badili, lakini usitarajie ukavu. Mbele kuna vijito vingine na mwishoni mto mzima tena. Kilichonisaidia zaidi ni mafuta ya mgando niliyojipaka upya vidoleni, pamoja na vitambaa vya kufunika mdomo wa kiatu, kwa sababu kinachofuata ni mchanga.

Mchanga mweusi. Kilomita na kilomita, tambarare, upepo unatoka mbele, huna mti, huna jiwe la kujificha. Unaona mtu mbele yako kama sisimizi, nusu saa baadaye bado ni sisimizi. Milima ilinitesa mapafu, ila jangwa lile liliingia kichwani. Nilianza kuhesabu kwa Kinyakyusa, nikakosea, nikaanza upya. Nilikumbuka daladala za Uyole. Nilijiuliza kwa dhati kama nilizima pasi. Na hapo ndipo nilipomkuta tena yule mama mwenye nywele nyeupe, ameinama anamwaga mchanga kutoka kwenye kiatu. Hatukusemezana. Tulikimbia pamoja, kama ule mwendo unaweza kuitwa kukimbia, yeye mbele kukinga upepo dakika kumi, mimi mbele dakika kumi. Alinipa kipande cha harðfiskur, samaki mkavu mgumu kama ubao, chumvi tupu. Baada ya saa tano za jeli tamu, kile kipande kilikuwa karamu.

Mpemba Halisi

Huyo ng'onda, mkuu. Hata Wazungu wanamla ng'onda, halafu hapa mjini watu wananiziba pua.

Mwana wa Rungwe

Ng'onda hasa, ila wao wanampaka siagi.

Kituo cha Emstrur kiko karibu na kilomita ya 38, kikomo chake saa sita na nusu, mimi nikafika kwa 5:25. Zile saa sita nilizoandika kwenye fomu zilibakiwa na dakika 35, na mbele kuna kilomita kumi na saba. Niliuliza kama kuna chai. Ilikuwepo.

Kuanzia hapo sitawachosha. Kuna korongo lenye daraja ambalo sikutaka kutazama chini yake. Kuna kubanwa na misuli: paja la kushoto likakaza kama ngumi, nikasimama kwenye mteremko natoa sauti za mbuzi. Yule mama akanipita tena, safari hii akicheka. Kuna kilima kinaitwa Kápa ambacho barabarani usingekigeuzia shingo, lakini kinakuja wakati huna kitu mwilini, na watu niliowaona pale walikuwa wanakipanda kinyumenyume. Kuna mto wa mwisho, Þröngá, ambao kwa paja langu ulikuwa dawa. Nilikaa ndani makusudi mpaka mwokoaji akaniuliza kama nina mpango wa kutoka.

Halafu, miti. Tangu asubuhi sijaona mti hata mmoja, ghafla niko ndani ya msitu wa mibetula, majani madogo, harufu ya udongo uliolowa. Si mirefu, wenyewe wana utani kwamba ukipotea msituni Aisilandi, simama tu. Mimi mtu wa Rungwe, wa migomba na mvua, koo lilinikaba. Nilimaliza kwa 7:48.

Wakanipa supu ya kondoo. Yule jirani wa kwenye basi alikuwa ameshaoga. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Uliumia?"

Kigoda Mbele

Ukamjibuje?

Mwana wa Rungwe

Nilimwambia mimi ni golikipa. Alidhani natania.

Mama Kayumba

Mwanangu, pole na hongera. Nina swali la kawaida: mbu kule vipi? Mdogo wangu yuko Ufini kaskazini, anasema kiangazi hakutoki nje.

Mwana wa Rungwe

Shikamoo mama. Ufini na kaskazini mwa Norwe ndiko kwenye mbu wa kufa mtu, mkimbiaji anasimama kunywa maji wanamla. Aisilandi enzi zangu hawakuwepo kabisa. Wa kwanza watatu walikamatwa mwaka 2025. Kuna vijidudu vidogo vinavyouma, lakini kwenye njia ile upepo unavipeperusha.

Mgumu wa Marangu

Mimi nimeipenda ile ya kupokezana upepo na bibi. Umewahi kumjua jina?

Mwana wa Rungwe

Nilimkuta kwenye supu. Alikuwa amekimbia njia ile mara nane. Nilimuuliza aliandika muda gani kwenye fomu. Akasema saa nane. Alimaliza kwa saba na dakika arobaini na moja.

Sumu ya Panya

Sawa, nimeamini. Sasa zile raba bado zipo? Mimi ni namba 43.

Mwana wa Rungwe

Zipo, mkuu. Nimezifua mara tatu, mchanga mweusi bado unatoka. Desemba nakuja Dar, leta soksi zako mwenyewe.